Kupanga Maneno na Mwalimu wa Tunduru

Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi Mshangano, pembeni ya mji wa Songea, nilikuwa na rafiki niliyemwita dada ingawa hatukuwa na undugu. Alitoka Tunduru, Myao, Mwislamu asiyekosa swala ya alfajiri. Mimi nimezaliwa hapahapa, Mngoni, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Alinizidi miaka michache, basi akawa ananiita mdogo wangu hata mbele ya wanafunzi. Yeye alifundisha hesabu, mimi Kiswahili. Kiingereza tulikikwepa sote wawili, na mwalimu mkuu alikigawa kila mwaka kama mtu anayegawa adhabu.

Ikaja habari kwamba walimu wa daraja la chini wanaotaka kwenda chuo watafanya mtihani wa mchujo. Nafasi zilikuwa chache kwa mkoa mzima. Waliokwisha kuufanya walisema kinachowaangusha watu ni Kiingereza, hasa pale unapopewa maneno yaliyovurugwa uyapange yawe sentensi.

"Tutasoma pamoja," dada akasema tulipokuwa tunatoka shuleni.

"Lakini tunagombea nafasi zilezile."

"Kwani ukisoma peke yako zitaongezeka?"

Jioni ile nikaenda kwake.

Vitabu hatukuwa navyo. Kilichotuokoa ni maduka. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, na mjini, tulikozoea kupanga foleni ya sukari na sabuni, rafu zilikuwa zimejaa vitu ambavyo vingine hatukujua kazi yake. Kila boksi lilikuwa na maelezo ya Kiingereza. Tukaanza kutunza maboksi: ya sabuni, ya majani ya chai, ya dawa ya mbu. Tulichagua sentensi, tukaikata neno moja moja kwa mkasi, tukayavuruga maneno, kisha mmoja akammwagia mwenzake mkekani ayapange. Uani kwake kulikuwa na upepo, kwa hiyo juu ya kila neno tuliweka kipande cha gunzi. Kuku wake walituharibia sentensi nyingi.

Dada alisumbuliwa na maneno ya sifa. Kwa kuwa Kiswahili husema boksi kubwa, yeye aliandika "box big" badala ya "big box", bila wasiwasi wowote.

"Kwa nini waseme ukubwa kabla hatujajua ni kitu gani?" aliuliza.

Nilimweleza kanuni, haikuingia. Siku kadhaa baadaye akaja shuleni amefurahi. "Nimeelewa," akasema. "Ni kama mshereheshaji wa harusi. Anasifia kwanza, mzuri, mpole, mwenye heshima zake, ndipo anamtaja bibi harusi." Toka hapo hakukosea tena, ila kila alipofika kwenye sifa alibadilisha sauti kama ameshika kipaza sauti, na mimi nilishindwa kuendelea kwa kicheko.

Kilichonisumbua mimi ni "always", yaani kila mara. Nililitupa mwanzoni, nikalitupa mwishoni, popote palipobaki wazi. Dada akanitungia sentensi kwamba mdogo wangu kila mara anachelewa: "My sister always comes late." Kila nilipochelewa kufika kwake alinipa niipange upya kabla ya kukaa. Kwa kuwa nilichelewa karibu kila siku, neno lile likapata mahali pake kichwani.

Jumamosi moja tukagombana. Maneno yaliyokuwa mkekani yalikuwa "only", "my", "sister", "cooks" na "beans". Mimi nikapanga "My sister cooks only beans". Dada akaisoma taratibu huku akijitafsiria: dada yangu anapika maharage tu. Akageuka akaitazama sufuria iliyokuwa jikoni. Na siku hiyo ilikuwa maharage.

"Mdogo wangu, hapa kwangu unakula maharage tu?"

"Ni sentensi, dada."

"Nani kaipanga?"

Yeye akayavuruga tena, akapanga "Only my sister cooks beans", yaani dada yangu peke yake ndiye anayepika maharage. Nikamwambia hiyo si sawa, neno kama lile haliwezi kuanza sentensi. Akasema iliyokosea ni ya kwangu. Hakuna aliyekubali kushuka. Niliondoka bila kula, na Jumatatu shuleni akanisalimia, "Habari za asubuhi, mwalimu." Hakuwahi kuniita mwalimu.

Mchana nikaziandika sentensi zetu kwenye karatasi mbili, nikamfuata. "Twende kwa mzee," nikasema. Jirani yetu mmoja alikuwa karani mstaafu wa mahakama, amezeeka akiandika Kiingereza cha mahakimu. Tulimkuta akianika mahindi.

"Shikamoo mzee," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba, walimu wangu. Mbona nyuso hivyo?"

Akavaa miwani, akasoma karatasi zote mbili, akarudia. "Zote sawa," akasema. "Neno hili linamshika yule anayelifuata. Hapa limemshika dada, hapa limeshika maharage."

"Sasa kwenye mtihani watataka ipi?" dada akauliza.

"Watataka ile aliyoiwaza aliyeutunga. Na huyo hamtamwona."

Njiani dada akasema, "Kwa hiyo mimi nilikuwa sawa."

"Na mimi."

"Ila maharage yangu yamesemwa."

"Ni matamu, dada. Ningekuwa siyapendi nisingekuja kila siku."

Alicheka mpaka akashika ua wa watu. Jioni ile alipika wali na samaki wa Nyasa, akanipakulia sahani imejaa.

Mtihani tuliufanyia mjini, tumekalishwa mbalimbali. Kiingereza nilikifanya vizuri. Hesabu zilinishinda, jioni zote zile tulikuwa tunakimbizana na maneno, na hakuna aliyekumbuka kwamba mimi na sehemu, zile nusu na robo, hatupatani.

Majibu yalipotoka, mwalimu mkuu alimwita dada ofisini. Akatoka akaja kusimama kwenye dirisha la darasa langu.

"Wamenichukua," akasema.

"Na mimi?"

Akatikisa kichwa, machozi yakamtoka. Ikabidi niwaachie wanafunzi zoezi, nitoke nimbembeleze. Mimi niliyekosa nikawa ndiye ninayemfuta machozi aliyepata, na kwa kweli wakati ule sikuhisi uchungu wa kwangu.

Kabla hajaenda chuo alinifundisha sehemu kila jioni, kwa mihogo. Anakata muhogo nusu, anakata robo, ananiuliza, na nikipata tunaichemsha. Alipokuja likizo tuliendelea. Nikafanya mtihani tena.

Majibu ya mara ile yalifika dada akiwa likizo, na mwalimu mkuu alikutana naye yeye kwanza. Mimi nilikuwa shambani napalilia mahindi. Nilimwona anakuja katikati ya matuta, viatu mkononi, tope mpaka kwenye vifundo. Hakunisalimia. Alinipokonya jembe, akainama, akaanza kupalilia pale nilipoishia.

"Dada, kuna nini?"

"Kaa kivulini," akasema bila kuinua kichwa. "Jembe niachie mimi. Wewe sasa ni mwanachuo."