Jina la Zuleica Katika Daftari la Mute

Saa moja asubuhi, Alima Suleimane anatandika mkeka nyuma ya ofisi ya elimu ya wilaya, mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na kuanika madaftari ya zamani ya shule, yenye majina ya wanafunzi. Analipangusa kila moja vumbi la mchwa, kisha anafungua kurasa taratibu zisije zikachanika.

Watu wameshapanga foleni. Tangu gesi igunduliwe baharini, miaka mitatu iliyopita, kila anayetafuta kazi kwenye makampuni anatakiwa awe na cheti, na wengi vyeti vyao viliungua wakati wa vita. Yamebaki madaftari haya.

"Jina langu halimo, mama," analalamika Tuaibo, mvuvi wa miaka arobaini.

"Jina liache kwanza. Dawati moja ulikaa na nani?"

"Na Domingos, mtoto wa fundi cherehani."

Kidole cha Alima kinashuka. "Domingos huyu hapa. Anayemfuata ni Ussene."

"Kaka yangu huyo! Yeye alikwenda dago, kambi ya wavuvi, mimi nikatumwa kukaa nafasi yake."

Foleni inacheka. Alima anatabasamu kidogo tu, maana yaliyompata Tuaibo yamempata na yeye.

Mwaka 1975 serikali ilitwaa shule zote, na Wizara ya Elimu ikatuma walimu mpaka vijijini. Kabla ya hapo shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi Waislamu wa pwani walisita kupeleka watoto. Walimu wale walipita nyumba kwa nyumba wakiandika mtoto mkubwa. Siku ya kufungua, mzazi alimpeleka yule ambaye kazi za nyumbani zingeweza kwenda bila yeye.

Kijijini Mute aliandikwa Zuleica. Akaenda mdogo wake, Alima, akamaliza shule ya msingi kwa jina hilo.

Leo Alima ana miaka arobaini na mitatu. Ni servente, mfagiaji wa ofisi, kwa mwaka wa kumi na tisa, na mshahara wake ni meticais elfu tatu kwa mwezi. Sasa nafasi ya mtunza kumbukumbu imetangazwa. Anayeomba alete cheti, na mwisho ni Ijumaa.

"Watu waliniambia niape kwamba mimi ndiye Zuleica," anasema. "Nikawajibu, Mungu ananijua kwa Alima."

Mkuu wa ofisi alimwambia amlete dada yake, aseme mwenyewe kwamba hakusoma, na atie sahihi. Jumapili Alima akaenda Mute, akamkuta Zuleica anamenya muhogo.

"Kumbe nimesoma miaka yote hiyo na sina habari!" Zuleica alicheka. "Haya, nirudishie akili zangu."

Kisha akaacha kisu.

"Kuja nitakuja, mdogo wangu. Lakini kidole kwenye wino sichovyi. Niende mbele ya wakubwa kusema sikusoma, halafu niwaonyeshe na ushahidi? Nifundishe jina langu kwanza."

Ndiyo maana leo, Jumatano, Zuleica amekaa pembeni ya mkeka, penseli mkononi, daftari la mistari mapajani.

"Nikiipata kazi, inshallah," anasema Alima, "nitayanakili madaftari yote upya. Kila jina, na pembeni yake mtoto aliyekalia nafasi ile."

Zuleica hainui kichwa.

"Usinichanganye, mwalimu. Zimebaki herufi mbili."