Safu ya Nne

Asubuhi ile nilitoka Mutoshi, nyumbani kwa baba mdogo, bila kujua ninakwenda wapi. Nilivaa viatu, nikanywa chai ya jana iliyopoa, nikafungua mlango. Mke wa baba mdogo aliniuliza, "Unaenda wapi?" Nikamjibu, "Kutembea." Akacheka kwa dharau. "Kutembea ni kazi ya mbuzi."

Hakukosea sana. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na sikuwa na kazi yoyote. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, si kwa kufukuzwa. Niliiacha kwa sababu kila mara mwalimu alipofika mahali pa kunivutia, kengele ililia tukafunga daftari. Tangu hapo nilijifunza kwa kusimama: kwa watengeneza redio, kwenye karakana, kando ya mashimo ya shaba, nikiuliza watu mpaka wanichoke.

Nilifika mtaa wa Dilala jua likiwa limepanda. Nyumba za kampuni ya machimbo ya shaba zilikuwa zimebabuka rangi, na wanaume ambao zamani saa ile wangekuwa kazini walikuwa wamekaa vibarazani na fulana. Kampuni ilikuwa inakufa, na kila mmoja alitafuta wa kumlaumu. Nilipita kando ya shule nikasikia mtu anasema, "Angalieni, musiguse." Nikasogea dirishani.

Ndani kulikuwa na mwalimu mrefu, shati limepigwa pasi hadi linakata, ameshika gilasi ya maji ya buluu. Ndani ya maji kulikuwa na msumari unaoning'inia kwenye uzi.

"Weye wa dirisha," akasema bila kugeuka. "Ingia ao uende. Dirisha iko ya mwangaza, haiko ya vichwa."

Nikaingia. Wanafunzi wakacheka. Akauchomoa msumari, ulikuwa umevaa ngozi nyekundu. "Hii nyekundu imetoka wapi?"

"Ni kutu, mwalimu."

Hapo darasa zima likapasuka. Mwalimu alingoja wamalize. "Munamuona? Mutu na ndevu zake. Amezaliwa juu ya shaba, analala juu ya shaba, na siku anaiona uso kwa uso, anaiita kutu."

Nilitaka kuondoka, lakini nilitaka zaidi kujua ile nyekundu imetoka wapi. Kengele ilipolia, akanishika mkono. "Unajua kuandika?" Nikamwambia najua, na vizuri. "Na sayansi haujue kitu?" Nikamwambia ameshaona mwenyewe. Uso wake ukafunguka kwa furaha. "Basi nimekutafuta mwaka muzima."

Alikuwa mwalimu wa kemia mwenye diploma ndogo, na wakati wa likizo alikuwa akisafiri hadi Lubumbashi kusomea lisansi, shahada ya chuo kikuu. Masomo yote alikuwa amemaliza. Kilichobaki kilikuwa memuari, kitabu cha utafiti ambacho bila hicho hupewi shahada, na alitaka kuifanya juu ya darasa lake mwenyewe: kwa nini watoto waliozaliwa kwenye shaba hawaelewi shaba, na kwa nini hawaulizi. Profesa wake alimtaka aweke mtu nyuma ya darasa wa kuandika kila kinachoulizwa. Mtu huyo asijue majibu, kwani anayejua husikia anachotegemea kusikia.

"Mi nahitaji kichwa tupu," akaniambia. "Chako kinatosha."

Malipo yangu yalikuwa bukari, ugali wa mchana, kwa mkewe na godoro kwenye stoo ya maabara. Ningekubali hata bila bukari.

Alinipa daftari kubwa lenye gamba jeusi, akapiga mistari ya kushuka kwa rula, safu nne. Ya kwanza, namba ya kiti. Ya pili, swali alilouliza mwanafunzi. Ya tatu, lugha aliyoulizia. Ya nne, lugha ya nyumbani, kwa sababu alidhani mtoto anayefikiri nyumbani kwa Kiluba cha Katanga au Tshiluba cha Kasai, kisha akafundishwa kwa Kifaransa, hupotea katikati. Majina hayakuruhusiwa. Profesa alikuwa amesisitiza hilo: utafiti hauna jina la mtoto.

Siku ya kwanza aliwapa jaribio juu ya msumari, la pili lije mwisho wa utafiti, kisha akazunguka na karatasi akiuliza kila kiti, "Kwenu munasemaka luga gani?" Watoto walijibu bila wasiwasi. Wengi wa baba zao au babu zao waliletwa kutoka Kasai kuchimba, kama baba yake mwalimu. Alipofika kwangu akauliza na mimi. Nikamwambia baba yangu ni Muluba wa Katanga ya kaskazini, mama yangu, aliyekufa nikiwa mdogo, alikuwa wa Kasai.

"Basi weye hauna safu," akasema, akapita.

Wiki ya kwanza niliandika maswali mawili tu. Sababu ilikuwa wazi hata kwa kichwa tupu. Msichana wa kiti cha kumi na mbili, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, aliinua mkono akauliza kama msumari unaweza kurudishwa ulivyokuwa. Mwalimu akamtazama. "Na weye, unaweza kurudishwa mu tumbo ya mama yako?" Wenzake wakacheka mpaka wakapiga madawati. Msichana hakuinua mkono tena.

Nilimwonyesha mwalimu daftari. "Kumi na mbili, swali moja. Baada ya jibu lako, hakuna." Alisoma akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa habari ya mji wa mbali. "Vizuri sana. Hiyo ni matokeo." Kesho yake akamwita mwingine ndama.

Nilimchukia na sikukosa somo hata moja. Nilikuja kuelewa kwamba shaba ilikuwa ndani ya ule ubuluu, imejificha, na kwamba chuma huingia majini kuchukua nafasi yake, shaba ikatoka. Jambo hilo lilinikosesha utulivu kwa furaha. Nilimweleza kila niliyekutana naye. Na nilipoeleza ya msumari, nilieleza na ya daftari, maana kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kazi yenye jina: mwangalizi.

Hapo ndipo penye kosa langu.

Kufikia wakati huo redio zilikuwa zikisema wazi kwamba watu wa Kasai wamechukua nafasi za wenyeji wa Katanga, warudi kwao. Sokoni waliitwa bilulu, wadudu. Vijana wa chama kilichotaka wafukuzwe walikuwa wakipita barabarani wamefunga vitambaa kichwani, wakiimba. Alasiri moja watatu kati yao waliniita kwenye kibanda cha pombe, wakaninunulia chupa.

"Weye ni ule mwenye kuandikaka batoto kwa masomo?"

"Siandike batoto. Naandika maswali."

"Tuonyeshe, tata, na siye tujue." Waliniita tata, yaani baba, mimi niliyeitwa mbuzi. Nikafungua daftari mezani. Nikaeleza safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mmoja, mwenye jino lililovunjika, akaweka kidole kwenye ya nne. "Na hii?"

"Luga ya nyumbani."

Halafu yule wa jino akauliza polepole, kama anayeuliza bei, "Na kumi na mbili, ni nani?"

Ningependa kuandika kwamba sikujua wanachotaka. Nilijua kiasi cha kutosha. Lakini yule wa tatu alikuwa ananitazama mdomo, akauliza, "Na weye, kwenu munasemaka nini?" Nikajibu haraka, "Mi ni wa baba yangu. Kiluba cha kaskazini." Wakacheka. "Baba yako alifanya vizuri." Na mimi, ili wasiendelee kunitazama, nikaendelea kusema. Kumi na mbili, binti wa fundi umeme, nyumba ya pili kutoka kwenye pampu. Kumi na tano, karibu na kanisa, mlango wa kijani. Miaka ya kutembea bila kazi ilinifanya niijue Dilala mlango kwa mlango. Daftari halikuwa na jina hata moja. Majina niliyaweka mimi, kwa mdomo.

Waliomba kulichukua. Asubuhi ya pili wakalirudisha, safi, halikukunjwa hata ukurasa. Mmoja aliniambia asante. Kando ya namba nyingi kulikuwa na alama ndogo ya penseli, tiki, kama za mwalimu anayesahihisha.

Juma lile mawe yalianza. Yalipigwa kwenye mabati ya nyumba za watu wa Kasai kwanza, kisha madirishani, kisha watu wakaingia. Sikwenda kuangalia, mimi niliyekwenda kuangalia kila kitu. Darasani viti vilikuwa wazi, na mwalimu alifundisha akiwa amekitazama kila kiti kitupu kama vile kimemkosea. Siku ya tatu yeye mwenyewe hakuja. Shati lake la pasi nililiona limevaliwa na mtu mwingine sokoni.

Alinitumia ujumbe kutoka stesheni ya treni, walikokimbilia waliofukuzwa: nije na daftari, na karatasi za jaribio la pili zilizokuwa stoo.

Stesheni ilikuwa imejaa familia zilizokaa juu ya mizigo, na treni haikuwa imekuja kwa siku kadhaa. Watu walikuwa wametoka na vitu visivyo na maana: mlango uliong'olewa, cherehani bila meza yake. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya ndoo na mkewe, fulana imechafuka, jeraha bichi kwenye paji la uso. Hakunisalimia. "Karatasi." Kisha akaanza kupita katikati ya mizigo akiwatafuta wanafunzi wake, mmoja mmoja, akiwapa jaribio.

"Bila jaribio ya pili, ile ya kwanza haina kazi," akanieleza akitembea. "Wamebaki nusu kule, nusu hapa. Nikipata hata hii nusu, profesa atanielewa."

Mama mmoja alisimama mbele yake, kitambaa kimeanguka begani. "Mwalimu! Mutoto hajakunywa maji tangu jana, na weye unamuuliza musumari?"

"Mama, ni dakika kumi tu."

"Dakika kumi! Bamebomoa nyumba yangu kwa dakika kumi!"

Lakini nyuma yake binti yake alikuwa ameshachukua karatasi. Alikuwa ni yule wa kumi na mbili. Aliiweka juu ya sufuria iliyopinduliwa, akajaza yote bila kuinua kichwa, akamrudishia mwalimu. Halafu akainua mkono, kama darasani.

"Mwalimu, niko na swali."

Nilimwona mwalimu anasimama wima. "Uliza."

"Nani aliwaonyesha nyumba yetu? Walikuja moja kwa moja. Ya jirani ile haina kitu, wakaipita."

Mwalimu alishusha karatasi za jaribio. Akanigeukia mimi. "Andika. Kiti kumi na mbili. Ni swali."

Nikafungua daftari. Yeye akainama kuangalia kama naandika vizuri, kama alivyozoea. Akaiona tiki kando ya kumi na mbili. Akageuza ukurasa. Akaziona zote. Akafuata tiki kwa kidole mpaka chini, kisha akanitazama.

"Nilitafuta mutu asiyejua kitu," akasema kwa sauti ya chini, msichana asisikie. "Nikamupata."

Nilingoja anipige. Badala yake alizikusanya karatasi za jaribio, akazipanga kwa namba, akazitia ndani ya daftari, akanirudishia. "Peleka Lubumbashi kwa profesa. Sina mutu mwingine." Akaniandikia mahali pa ofisi kwenye kipande cha karatasi. "Na usikunje."

Nilipanda lori la makaa hadi Likasi, lingine la mihogo hadi Lubumbashi. Profesa alikuwa mzee mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya. Alisoma amesimama, akafurahia mwandiko wangu. "Weye ndiye mwangalizi? Kazi safi." Kisha akauliza, "Na hizi tiki? Hazikuelezwa mahali popote."

"Ni wale waliofukuzwa, profesa."

Alifikiri kidogo, akanipa kalamu. "Alama isiyoelezwa ni kosa katika utafiti. Andika hapa chini." Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: tiki, aliondoka. Akaweka daftari juu ya rundo la mengine. "Mwenye kazi aje kuitetea yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria." Nikamwambia yuko njiani kwenda Kasai. "Basi tutamungojea," akasema, akaweka kikombe chake cha chai juu ya gamba jeusi.

Nilitembea hadi mtaa wa Kamalondo nikitafuta pa kulala. Mama mmoja aliyekuwa akipuliza makaa ya mbabula, jiko lake, uani alisema ana chumba. Alinitazama viatu, akanitazama uso.

"Kwenu munasemaka luga gani?"

"Kiluba, mama. Cha kaskazini."

"Vizuri," akasema, akafuta mikono, akanifungulia. Kulikuwa na kitanda, na ukutani ratiba ya masomo imebandikwa, ya kemia na fizikia, imepigwa mistari kwa rula. Chini ya dirisha viatu viwili vya mwanamume vilikuwa vimepangwa vizuri, vimepakwa rangi, kama mwenyewe hakupata muda wa kuvivaa.

Mama alisimama mlangoni na ufunguo. "Uko na swali?"

"Hapana, mama," nikasema. Akanipa ufunguo.