Mama Lilian na Mabaharia wa Seattle

Mama Lilian jina lake hasa ni Haika, mtu wa Machame, na anaishi Thamesmead, London, kwenye nyumba za wazee, ghorofa ya pili. Mimi hufika kwake Jumapili. Pasi ya basi ninayo, na mtu wa umri wangu akikaa ndani sana magoti husahau kazi yake. Basi nazunguka, leo Stanmore, kesho Woolwich, Jumapili Thamesmead.

Mama huyu ni shabiki wa besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga kimpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Msimu wake ukiisha anahamia mpira wa kikapu. Aliyapata haya kazini. Miaka ishirini na mbili alihudumia wazee majumbani mwao, na mmoja alikuwa bibi wa Kimarekani, mzaliwa wa Seattle.

"Mimi nampikia mtori wa ndizi, yeye ananifundisha besiboli," aliniambia. "Mtori aliukataa. Besiboli mimi sikuikataa."

Bibi yule alipofariki, timu yake ikabaki mikononi mwa Mama Lilian: Mariners, yaani mabaharia. Sasa, mabaharia hawa tangu timu iundwe mpaka leo ninapoandika hawajafika fainali hata mara moja. Nilimwuliza kwa nini asihame. Akanitazama kama niliyemshauri abadili ukoo.

Kwa habari za timu, huyu mama hana maneno ya katikati. Yankees wa New York, waliochukua ubingwa mara nyingi kuliko wote, kuwashabikia ni kwenda harusini umeshakula kwenu. Dodgers wanasajili kama mtu anayejaza duka. Kwenye kikapu yuko na Sacramento, kwa kuwa walikaa misimu kumi na sita bila kuingia mtoano, na watu wao hawakuacha kwenda uwanjani. Golden State hawataki. "Wanatupia mbali kama watu wanaoogopa kusogelea jiko." Ila San Antonio, hata wakimfunga, anawaheshimu. Mpira wao, anasema, ulikuwa ukizunguka kama kibuyu cha pombe ya mbege, hakuna mkono uliorukwa.

Chini pana ukumbi wenye televisheni kubwa. Jumapili saa kumi na mbili unusu jioni ni zamu yake, na sharti aliweka moja: huingii bila upande. Kama kwetu, Simba au Yanga, hakuna wa kati.

Mtu aliyemtaka hasa ukumbini alikuwa Matar, Mpemba wa Wete, jirani yake wa mlango wa tatu. Mkewe, Bi Mardhiya, alifariki, na tangu siku ile Matar hakutoka chumbani ila kwa daktari. Miezi minane. Mama Lilian alimgongea mlango Jumapili tatu, kimya. Ya nne akasema kwa sauti, "Bwana Matar, natafuta mtani. Timu ninayo, mtani sina. Nitamtania nani, ukuta?"

Mlango ukafunguka kidogo. "Timu gani inayokuumizeni zaidi?"

"Yankees."

"Basi mimi nshakuwa wao."

Tangu hapo akawa anashuka kila Jumapili, ndevu kachonga, kofia safi. Mchezo wenyewe hakuujua, ila kutania alijua. "Mabaharia gani nyinyi, miaka yote hiyo hamjaiona bandari?" Naye Mama Lilian, "Kaa chini, mshabiki wa kuokota!"

Jumapili moja Seattle wakafungwa vibaya. Matar akaja na boksi la viatu, kalizungushia kitambaa cheupe, ndani kofia ya Mariners. Akaliweka mapajani mwa Mama Lilian. "Bibi wee, leo tunakuzika, wewe na mabaharia wako. Udongo unataka wa Thamesmead au wa Machame?" Mama Lilian akajifunika kanga usoni akaomboleza kama mfiwa, mabega yanatetemeka. Sisi wengine tuliangua kicheko mpaka mzee mmoja akaomba maji.

Mlangoni alikuwa amesimama Dinah, msimamizi mpya. Wazazi wake ni Wakenya, yeye kazaliwa hapahapa London. Kiswahili anakielewa chote, kukisema ndiyo hasemi. Alisikia "tunakuzika", akaona mwanamke analia na watu wanamcheka.

Jumatatu barua ikapita chini ya mlango wa Matar: asiingie ukumbini mpaka uchunguzi wa unyanyasaji uishe. Matar alisoma, akasema "Haya", akafunga mlango. Siku ya pili chakula alichopelekewa kikarudi kama kilivyokwenda.

Mama Lilian akaniita niwe shahidi. Tukaingia ofisini Jumatano.

"Mwanangu, ni nani aliyekwambia nimeonewa?"

Dinah akajibu kwa Kiingereza, kwa upole. Auntie, nilisikia mwenyewe. Alisema anakuzika. Ulikuwa unalia.

"Nilikuwa nacheka ndani ya kanga! Yule ni mtani wangu. Mtani asiponizika, atanizika nani?"

Dinah akanitazama mimi. Nikasema ni kweli, ndivyo tunavyofanya, hata msibani penyewe mtani huja akalala mahali pa marehemu na watu wakacheka. Naona hapo niliharibu zaidi, maana alianza kuandika. Akasema watu wanaoonewa mara nyingi huwatetea wanaowaonea. Uchunguzi ni wiki sita.

Nje, Mama Lilian alisimama akaufunga mkanda wa koti lake. "Wiki sita, Mzee Harith? Yule akikaa wiki sita mle ndani hatoki tena. Mimi nimewahudumia wengi. Najua wanavyoondoka."

"Sasa tufanyeje?"

"Barua inasema asiingie ukumbini. Haikusema mimi nisikae koridoni."

Jumapili nilipofika nilimkuta mbele ya mlango wa Matar, kiti cha jikoni, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, Seattle wanacheza na Yankees. Sauti kaifungua yote. Wenzetu wa ukumbini wakapanda mmoja mmoja na viti vyao. Mpaka zamu ya tatu kati ya tisa, mlango kimya. Mama Lilian hakunyamaza. "Yankees wamekosa! Jitu zima kupunga gongo hewani kama anafukuza nzi! Matar, aibu hiyo ni yako, njoo uichukue!" Kimya. Ya nne ikapita. Sauti ilianza kumkauka, nikampa chai, akanywa akaendelea.

Ya tano Yankees wakapiga mpira ukavuka uzio, wakaingia wawili, pointi mbili.

Ndani ya chumba kitu kikaanguka. Kisha, "Wangapi?"

"Wawili," nikasema.

Mlango ukafunguka. Matar kasimama, ndevu za wiki nzima, miguu mitupu. "Bibi wee, hukuzikwa ukazikika. Leo nachimba mwenyewe!"

Dinah alikuwa ameshapanda ngazi kwa makelele yale, kalamu mkononi.

"Andika, mwanangu," Mama Lilian akamwambia. "Kasema tena atanizika. Andika na jibu langu: asubiri zamu ya tisa."

Dinah aliwatazama wote wawili. Matar alikuwa anacheka, na nadhani Dinah alikuwa hajawahi kumwona akicheka kwa karibu. Akatazama viti. Akasema kwa Kiingereza kwamba koridoni haturuhusiwi kukaa, ndiyo njia ya kukimbilia moto ukizuka. Twende chini.

"Wote?" akauliza Mama Lilian, bila kuinuka.

Dinah akatia kalamu mfukoni. "Wote," akasema, na hilo alilisema kwa Kiswahili.

"Vaa viatu, Matar. Na uchukue kiti chako. Mimi si mtumishi wa Yankees."

Kwenye lifti hatukuenea. Mimi nilishuka kwa ngazi, na mpaka nafika ukumbini walikuwa wameshaanza kumbana Dinah achague upande.