Mashine ya Chini ya Meza

Fundi wetu wa seva habonyezi kibodi, anaitwanga, kwa kidole kimoja, kana kwamba imemtukania mama. Amri ya Linux ikikataa, hugeuza shingo na kuuliza, "Nani amegusa?" Kujiuliza yeye amekosea wapi, mwiko. Leo alihamishia kwenye seva mpya kazi yetu ya kuthibitisha miamala ya blockchain, lile daftari la pamoja la sarafu za kidijitali. Nikamuuliza kama ameizima ile ya zamani, iliyo chini ya meza yake, maana mashine mbili zikitia saini kwa ufunguo mmoja, mtandao unahesabu ni udanganyifu. "Dada, usinifundishe kazi," akasema, akapuliza chai yake.

Chai haijapoa, skrini ikajaa maandishi mekundu: tumekatwa fedha tulizoweka dhamana, tumefukuzwa kwenye mtandao. "Nani amegusa?" Akamgeukia mama wa usafi, mtu wa kumzaa, akamfokea kwamba ufagio wake umechomoa waya. Mama wa watu amesimama, ufagio mkononi. Nami nikauona mguu wa fundi ukipapasa chini ya meza, ukitafuta swichi. Taa ya mashine ya zamani ikazimika. Sauti ya fundi haikushuka hata kidogo.