Chupa ya Ng'ombe na Chupa ya Nguruwe

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Nilisoma hadi darasa la nane tu, na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza kunakili ubaoni. Mkikuta r palipostahili l, huo ni ulimi wetu wa Bungoma umeingia mkononi. Karatasi hizi nimeziandika kwa siku nyingi, mistari michache kila siku, na nyingine nimezichana.

Nataka kueleza habari ya paka wa mama.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Nyumbani kwetu ni karibu na Naitiri, na miaka ya tisini ilipoanza hakuna jirani aliyekuwa na friji. Muuguzi wa Bungoma alitufundisha kufukia chungu nusu udongoni nyuma ya nyumba, kuweka mchanga ndani na kuumwagia maji, kisha kuzika chupa za insulini humo. Mimi ndiye niliyekuwa namdunga mama asubuhi na jioni. Sikuwa hodari wa kuongea, lakini mkono wangu ulikuwa hautetemeki.

Alipofariki kwa kidonda cha mguu, chungu kilibaki na chupa mbili. Moja ilikuwa ya ng'ombe, imefika nusu. Nyingine ilikuwa ya nguruwe, haijafunguliwa. Maandishi yalieleza hivyo, dawa imetolewa kwa mnyama gani. Ile ya nguruwe mama alipewa siku moja ambayo hospitali haikuwa na nyingine. Kanisa letu linakataza nguruwe. Mama aliipokea kwa heshima, akaishusha hadi chini kabisa ya chungu, akasema Mungu ataleta ile nyingine.

Siku ya kunyoa nywele za msiba, vitu vyake viligawanywa. Shangazi alichukua dawa zake zote akazitupa chooni, kwa sababu kwetu dawa ya marehemu haiachwi nyumbani. Hakujua habari ya chungu, nami sikumwambia. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa sitaki tu mtu aguse mchanga ule.

Paka alikuwa dume la kijivu. Mama akilala, naye alilala juu ya miguu yake, hata ule mguu mbovu. Baada ya mazishi alianza kukonda huku akila sana. Alikunywa maji ya kuku, akanywa maji ya sufuria iliyolowekwa. Alishindwa kutoka nje usiku, akakojoa kwenye jivu la jikoni. Asubuhi moja nikaona sisimizi wadogo wekundu wamejaa juu ya jivu lile. Niliwajua. Ndivyo mama naye alivyojulikana, kwa sisimizi waliofuata mkojo wake kando ya choo.

Nilimwambia dada yangu mkubwa. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Ati paka ana sukari? Basi kesho kuku watapata presha. Si umpeleke kliniki bana, apewe kadi."

Siku chache baadaye paka alianza kutembea akikanyaga kwa visigino vya nyuma, kama mtu anayejaribu kukaa. Dada aliacha kucheka. Akaniuliza, "Sasa utampa ile gani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa na chupa mbili, zote za rangi ya maziwa, na sikujua ipi inamfaa wala kiasi gani. Nilizifunga kwa kitambaa kibichi, nikaziweka ndani ya kopo la majani ya chai, nikaenda Kitale kwa daktari wa mifugo.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja. Wakulima walikuwa wameketi kwenye benchi hadi mlangoni, na kila mmoja alisema shida yake mbele ya wote. Mmoja alikuwa na ng'ombe watatu waliovimba matumbo. Mwingine fahali wake alikuwa hasimami. Zamu yangu ilipofika, daktari aliuliza, "Wewe una mgonjwa gani?"

Nikasema, "Mbwa."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Mbwa analinda boma. Mtu anaweza kupanda gari kwa ajili ya mbwa na asichekwe sana. Lakini paka, mbele ya wazee wale wenye ng'ombe?

"Ana uzito gani?"

"Kama jogoo mkubwa."

"Huyo si mbwa, huyo ni kengele ya mlangoni," mzee mmoja akasema, na benchi lote likacheka. Nilitazama viatu vyangu.

Daktari hakucheka. Alisikiliza habari ya sisimizi na visigino, akazishika chupa zangu akazigeuza kwenye mwanga. Akasema nimefanya vizuri kuzihifadhi. Akanionyesha kuviringisha chupa kati ya viganja bila kuitikisa, na kudunga alama moja ya bomba la sindano asubuhi na moja jioni baada ya chakula. Akilegea, nimpake maji ya sukari kwenye ufizi. Kisha akainua ile ya nguruwe. "Tumia hii. Insulini ya mbwa na ya nguruwe ni kitu kimoja. Hii ya ng'ombe imefunguliwa siku nyingi, tena si yake."

Akaimwaga kwenye sinki.

Kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake alikuwa akiandika. Daktari akamgeukia, bado maji yanatiririka. "Na angekuwa paka ningesema kinyume. Ya paka jamaa yake ni ya ng'ombe."

Nilisikia vizuri. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwenye sinki. Ningesema neno moja labda angeniandikia chupa nyingine ya ng'ombe, au angenieleza cha kufanya. Nyuma yangu yule mwenye fahali alikuwa ameshaanza kusogea. Nikasema asante, nikachukua kopo langu.

Ile ya nguruwe haikuwa sumu. Juma la kwanza paka alinyanyuka, akajilamba manyoya, na dada akasema huenda tutamwona akishika panya. Lakini nguvu ya dawa haikufika jioni. Saa nane mchana alikuwa tena kwenye maji ya kuku, na sisimizi walirudi kwenye jivu. Nikaongeza alama. Siku moja, mahindi yakiwa yameanikwa uani, akaanguka juu yake akirusha miguu. Dada ndiye aliyekimbilia sukari. Alimpakata mapajani, akamfungua mdomo kwa kidole, akamwambia polepole, "Kunywa, baba, kunywa." Paka aliamka, lakini tangu hapo niliogopa kuongeza na niliogopa kupunguza.

Nilirudi Kitale. Njia nzima nilirudia maneno: si mbwa, ni paka, nilidanganya. Benchi lilikuwa limejaa vilevile. Daktari alinikumbuka, akaniita kabla sijakaa.

"Mtoto wa mbwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri," nikasema.

Akafurahi. Akawaambia wale wazee, mnaona, huyu anafuata maagizo. Nikatoka.

Mwisho wa paka ulichukua siku tano. Aliacha kula, na mdomo wake ukanuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Harufu ile niliijua, mama alikuwa nayo wiki ya mwisho. Alijikokota hadi kwenye kitanda cha mama ambacho tayari shangazi alikuwa amepewa, kimebaki mbao tu kikisubiri kubebwa, akalala upande wa miguuni. Alikufa asubuhi, kabla ya sindano. Nilikuwa nimeshaivuta dawa. Nilimfukia nyuma ya nyumba, na chungu nikakifukua nikakivunja.

Dada husema paka ni paka, hata daktari angejua angekufa tu. Pengine. Chupa ile ya ng'ombe ilikuwa nusu, na ya siku nyingi, labda ilikuwa imeshaharibika kabla haijaona sinki. Nimejaribu kuamini hivyo. Lakini daktari wa Kitale bado anaamini kwamba yuko mbwa mdogo Naitiri aliyepona.

Ninaandika kwa sababu kusema bado siwezi. Kama kuna msomaji aliyewahi kumdunga paka insulini ya ng'ombe, tafadhali aniandikie aniambie ilimfikisha wapi. Hata kama jibu ni lile ninaloliogopa. Mhariri anayo anwani yangu. Ninasoma polepole pia, lakini nitasoma.