Nilimlilia Mwalimu Awiti Akiwa Hai

Harufu ya wino wa mashine ya kurudufia haijanitoka puani kwa zaidi ya nusu karne. Ilikuwa nzito, tamu kidogo, imechanganyika na ya omena, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa nje ya dirisha, nayo ilitoka katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, Kendu Bay, miaka ile ya sitini bendera yetu ilipokuwa bado mpya. Humo Mwalimu Awiti aliandika michezo ya kuigiza na kuichapisha mwenyewe. Alizungusha mkono wa mashine, karatasi zikatoka moja moja zikiwa na unyevunyevu, nasi watoto wa jirani tukazipanga na kuzibana pini, vidole vimetapakaa weusi. Kikundi chochote cha makarani, mafundi au wauguzi kilichoahidi kuigiza alikipelekea vitabu kwa basi, hadi Migori, hadi Isebania, hata Ntimaru. Ndiyo sababu aliandika kwa Kiswahili, ili Mjaluo, Mkuria na mwenye duka kutoka pwani waweze kusimama jukwaa moja. Sharti lake lilikuwa moja tu. Ukurasa wa mwisho aliuacha mtupu, kila mwigizaji aandike hapo jina lake na nafasi aliyoigiza, kisha nakala moja irudishwe kwake. Alizihifadhi katika sanduku la bati kama watu wengine wanavyohifadhi hati za shamba.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikilelewa na nyanya yangu, na kipaji changu pekee kilikuwa sauti. Nikiita mbuzi, watu wa ng'ambo ya mto waligeuka. Kwa hiyo Mwalimu alipoandika mchezo kuhusu ndugu wawili waliogombania mtumbwi hadi mmoja akafa, alinipa nafasi ya binti wa marehemu. Kazi yangu ilikuwa kupiga nduru, ule ukelele mrefu ambao kwetu hutangaza msiba. Shida ilikuwa maiti. Karani wa kiwanda cha pamba, aliyekuwa amemwigiza marehemu vizuri sana alipokuwa angali hai, aliposikia kwamba sasa alale chini ya shuka na aliliwe, alirudi nyuma. "Mwalimu, mimi niko na watoto wadogo," alisema. "Wee tafuta mtu mwingine alale hapo." Tulicheka, lakini hakuna aliyejitolea. Mtu mmoja akapendekeza tuweke tunda la yago, lile refu kama mkono ambalo kwetu huzikwa mahali pa mtu aliyepotelea ziwani. Mwalimu alitikisa kichwa. "Tunda halisikii," alisema, akakohoa katika leso yake, kisha akajilaza mwenyewe.

Habari zilimfikia Nyanya sokoni kabla sijafika nyumbani. Hakunichapa, na afadhali angenichapa. Aliniketisha akaniambia kwa Kijaluo chake cha polepole, "Mtu aliye hai haliliwi, nyathina, mtoto wangu. Nduru ni mlango. Ukiufungua, lazima mtu apite." Kesho yake nilimwambia Mwalimu sitaki tena. Alikuwa akifuta wino mikononi kwa mafuta ya taa, naye hakukasirika. "Lia vizuri tu," alisema. "Watu wengi hulia sana kwa ajili ya mtu, na mwenyewe hapati kusikia." Nilimpenda kuliko nilivyomwogopa Nyanya. Niseme ukweli, nilipenda pia kutazamwa.

Mchezo ulifanyika Jumapili mchana katika ghala la pamba, maana Jumamosi Wasabato hawangekuja. Watu waliketi juu ya magunia, nyuzi za pamba zimewashika kichwani wakaonekana wazee wote. Nilipiga magoti kando ya shuka, nikafumba macho, nikafungua kinywa. Mabati yaliipokea sauti ile yakairudisha ikiwa kubwa kuliko mimi. Waswahili husema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na wa mbali waliingia kweli. Wanawake waliokuwa ufukweni wakinunua samaki walitupa mabeseni wakaja mbio, mikono kichwani, wakiuliza, "Ni nani? Ni nani amekufa?" Nyanya alikuwa wa mbele. Watazamaji waliangua kicheko, kisha wakanyamaza walipouona uso wake. Aliinamia shuka akaita, "Awiti, amka! Amka watu wakuone!" Shuka halikutikisika. Mimi tu, niliyekuwa karibu, nilisikia mnong'ono kutoka chini yake: "Endelea. Mchezo haujaisha." Nikaendelea. Nililia hadi neno la mwisho la mchezo, na wale wanawake, waliojua na wasiojua, wakalia pamoja nami. Alipoinuka hatimaye alikuwa anakohoa, macho yamelowa. Tuliandika majina yetu kwenye ukurasa wa mwisho. Yeye alikichukua kitabu baada yetu sote, akaandika kitu kifupi, akakifunga.

Kabla pamba ya msimu ule haijaisha, Mwalimu Awiti alikufa kwa kifua. Siku ya mazishi boma lake lilijaa nduru, na mimi nikafungua kinywa, hakuna kilichotoka. Nyanya alinitazama akasema bila ukali, "Wewe nduru yako ulishaimaliza." Basi. Ninajua sasa, na hata nilipokuwa msichana mkubwa nilijua, kwamba kikohozi kilitangulia kilio changu. Lakini kujua ni kwa mchana; usiku nilimwamini Nyanya. Mama yangu alipokufa sikulia kwa sauti, mume wangu vilevile, na mashemeji wakasema nina jicho kavu. Boma la Mwalimu sikulikanyaga tena, ingawa kutoka hapa Homa Bay ninapoishi si mbali. Niliogopa macho ya mjane wake, Mama Dorka.

Siku hizi chumba kile kinauza simu, na msiba hutangazwa kwa vipaza sauti vya kukodi vinavyolia vyenyewe hata waombolezaji wakiwa wanakula. Silaumu mtu, mimi nani? Mwaka jana vijana wa kikundi cha maigizo walinijia wakitafuta michezo ya zamani ya Mwalimu, na kwa aibu ya kusema hapana nikaenda Kendu Bay.

Mama Dorka, mkongwe sasa, alinijua kabla sijataja jina. "Umechelewa," alisema. Sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda. Alitoa kitabu kimoja, akakifungua ukurasa wa mwisho. Jina langu lilikuwa pale kwa mwandiko wa kupinda, na mbele yake: mliaji. Chini yake, kwa kalamu ya wino: Awiti, maiti. Nimesikia. Asante, mwanangu.

"Daktari alikuwa amemwambia kabla ya mchezo," Mama Dorka alisema. "Nilingoja uje nikuonyeshe."

Sikukusudia. Sauti ilipanda yenyewe, ya kizee, imepasuka, lakini ilikuwa ile ile. Kuku walitawanyika. Majirani wakaruka ua, simu mikononi, kijana mmoja akaiangusha pikipiki yake mlangoni, wote wakiuliza, "Ni nani? Ni nani amekufa?"

Mama Dorka hakuinuka kitini.

"Ni mume wangu," alisema.