Mama Agnès na Upepo wa Kutumwa

Kwenye uwanja wa ndege wa Kolwezi, kusini mwa Kongo, hakuna abiria aliyepanda ndege ya Tharcisse Numbi bila kupita kwanza mikononi mwa Mama Agnès Kanyinda. Yeye ndiye aliyempandisha kila mtu kwenye mizani na mizigo yake, kisha akautangaza uzito huo kwa sauti, bila haya. Aliwapima mapadri, aliwapima wahandisi wa machimbo yaitwayo Mashamba, na mke wa mkubwa mmoja alipokataa kupimwa, Agnès alimwambia kuwa ndege haijali mtu ameolewa na nani. Ndivyo alivyokuwa: mdomo mbele, akili nyuma ikikimbia kuufikia.

Alizaliwa Kolwezi, ingawa ukimuuliza kwao ni wapi atakujibu Kasai, alikotoka babu yake kuja kuchimba shaba. Mumewe alifariki watoto wakiwa bado wadogo, akawalea kwa kuuza samaki wa chumvi sokoni. Tharcisse, rubani na mwenye ndege, alikuwa mteja wake. Alimchukua kazini kwa sababu alishindwa kumshawishi amwongezee hata mkia mmoja wa samaki, akaona mtu kama huyo ndiye anayefaa kusimamia mizani. Tangu hapo ndege ile moja, yenye propela moja, ndiyo iliyomlisha Agnès na kuwasomesha wanawe. Ilipeleka watu na dawa Lubudi na vijiji vya kaskazini, ambako barabara hufa mvua zikianza kunyesha.

Sasa, kuna Mushiya. Huyu alikuwa mwanamke mwenye malori yaliyokwenda huko huko Lubudi, na kila abiria aliyepanda ndege alimhesabu kuwa ameibwa kwake. Yeye na Agnès walisali kanisa moja, wakaimba kwaya moja, na hawakusalimiana. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulifurahia.

Kisha ikaja ile dhoruba. Mchana ulikuwa mweupe, mara mbingu ikawa nyeusi upande wa Tenke, na kabla mtu hajaanua nguo upepo ulikuwa umefika, na mvua ya mawe nyuma yake. Agnès na wenzake walijibanza ofisini wakishikilia mlango. Ulipopita walitoka nje, wakaona ndege imelala chali kwenye matope, magurudumu juu, bawa moja limevunjika. Kamba walizoifungia, pamoja na vigingi vya chuma, zilikuwa zimetapakaa uwanjani. Tharcisse aliweka mikono kichwani. Hakuna aliyeumia, lakini Agnès alilia kama mtu aliyefiwa.

Huko msiba ukitokea, watu hawaumizi kichwa sana kuuliza umetokeaje. Wanauliza umetumwa na nani. Kabla matope hayajakauka, wafanyakazi wote walikuwa wamekwisha kupata jibu, na aliyelitoa alikuwa Agnès: Mushiya. Upepo gani unaruka uwanja mzima na kuchagua ndege moja?

Mkaguzi wa kampuni ya bima alikuja kesho yake kutoka Lubumbashi, binti mpole aitwaye Darlène Mpoyi. Alipiga picha, akapima bawa, kisha akawaomba waliokuwepo waeleze walichoona. Agnès hakungoja zamu yake. Aliona bosi wake amenyong'onyea, akaogopa wasije wakasema ndege ilifungwa vibaya, akaamua kumtetea kwa nguvu zake zote.

"Mama, ile upepo haikukuya yenyewe," alisema. "Kuna mutu aliituma."

"Mutu gani?"

"Mushiya, wa ma-camion. Na dereva wake Mulumba alikuwa hapa, karibu na ndeke, mbele ya mvua kuanza. Mi nilimuona na macho yangu."

Kalamu ya Darlène ilisimama. "Alikuwa nafanya nini karibu na kamba?"

"Umuulize yeye mwenyewe," alijibu Agnès, akakunja mikono kifuani, ameridhika kabisa.

Ukweli ni kwamba alijua vizuri sana Mulumba alifuata nini. Alikuja kuazima jeki, na aliyempa jeki hiyo ni Agnès mwenyewe. Lakini maneno yalikuwa matamu, akayatia chumvi.

Darlène alifunga mkoba wake, akamwita Tharcisse pembeni. Tharcisse aliporudi, uso ulikuwa umempauka.

"Mama Agnès, umeniua," alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Asiransi yangu inalipa upepo, mvua ya mawe, radi, mpaka maji ya mto. Bitu bya Mungu, inalipa, kama tulichunga ndeke muzuri. Lakini mutu akikuya kuharibu kwa kusudi, ile ni asiransi ingine, na mi sikuinunua. Ule mama anasema kama mutu alikata kamba, hakuna kulipa. Atapeleka mambo kwa polisi. Na mi sina ndeke ingine."

Agnès alielewa alichokifanya. Alikuwa ameitetea ndege mpaka akaizika. Aliwaza Mulumba akikamatwa kwa ajili ya jeki. Aliwaza watoto wake, Tharcisse aliyemtoa kwenye samaki, na wenzake ambao kesho wangekaa nyumbani. Hapo hapo angeweza kumkimbilia Darlène na kukana, lakini nani angemwamini mtu anayesema hivi asubuhi na vile mchana? Alihitaji shahidi, na shahidi alikuwa mmoja tu, Mulumba, ambaye hangekuja bila ruhusa ya bosi wake. Alipiga moyo konde, akaenda kwa Mushiya.

Alimkuta uani kwenye ghala lake. Ghala halikuwa na paa. Mabati yalikuwa yamejikunja kwenye ua wa jirani, na magunia ya unga wa mahindi yaliyosubiri kupelekwa Lubudi yalikuwa yamegeuka uji. Mushiya alikuwa amepiga magoti, anauchota kwa sufuria. Agnès alisimama mlangoni.

"Umekuya kunicheka?" aliuliza Mushiya.

"Hapana, mama. Nimekuya kukuomba musamaha." Akamweleza yote: upepo, kamba, Mulumba, hata jeki.

Mushiya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaonyesha mbingu kwa sufuria yake.

"Yaani mi njo nilituma upepo, halafu nikaianzisha kwangu?"

Agnès alitazama juu palipokuwa na paa, akaona aibu ya kweli. Machozi yakamtoka. Mushiya aliguna, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Tuende. Mulumba hawezi kufungwa juu ya mudomo yako."

Walikwenda na lori, watatu mbele, Mulumba akishika usukani na jeki ikiwa miguuni pa Agnès. Uwanjani, mbele ya wafanyakazi wote aliowaaminisha yeye mwenyewe, Agnès alisema, "Nilisema bongo, haikukuwa kweli. Mulumba alikuyaka kukamata jeki, na mi njo nilimupa. Hakugusa kamba. Na Mushiya, mukaone kwake: upepo ilikamata nyumba yake sawa na ndeke yetu."

Darlène hakumkaripia. Aliwaita wote karibu, akashika ncha ya kamba moja na kuionyesha: nyuzi zilikuwa zimefumuka na kunyooka, hazikukatwa na kisu. Kigingi kilikuwa kimeng'oka na donge la udongo. "Hii ilivutwa mpaka ikakatika," alisema. "Na ilikuwa imefungwa muzuri, la sivyo kigingi isingetoka na udongo." Kisha akamgeukia Agnès, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mama, hata mama yangu anasema vile vile, radi ikipiga. Lakini asiransi haiulize nani alituma. Inauliza nini ilifika. Hapa, nini ilifika?"

"Upepo," alisema Agnès.

"Basi. Upepo inalipwa."

Tharcisse aliketi chini, pale pale kwenye matope, na suruali yake ya urubani, akacheka mpaka akashindwa kusimama. Wenzake walipiga vigelegele. Agnès alishusha pumzi ndefu, pumzi aliyokuwa ameizuia tangu jana.

Ghala la Mushiya halikuwa na bima yoyote. Kwa hiyo kesho yake wafanyakazi wote wa Tharcisse walikwenda kunyoosha mabati, na Agnès ndiye aliyeshikilia ngazi huku Mulumba akipigilia misumari. Mushiya alileta chai, akasimama karibu naye.

"Agnès, na mi niko na neno," alisema mwishowe, akitazama kikombe. "Tangu ile siku, mi nilikuwa naambia batu bote kama ni wewe njo ulituma ile upepo."